Anayetazama Kutoka Nyuma

  Leo mlima umejifunua tangu alfajiri, Kibo na Mawenzi vyote viwili vikionekana hadi huku mjini, na mimi nimeingia studio na jambo lililokaa nami wiki nzima. Naomba mnivumilie, maana litatupeleka mbali kabla ya kuturudisha hapa Moshi.

Jumanne ya wiki iliyopita nilipita Pasua jioni, nikasimama kando ya uwanja kuwatazama vijana wa mtaa wakifanya mazoezi. Mipira mitatu kwa watu zaidi ya ishirini, vumbi, mwalimu na filimbi yake. Wachezaji wa ndani wamekusanyika katikati, wanapangwa, wanakosolewa, wanarudishwa kuanza upya. Golikipa yuko kule mwisho na mwenzake mmoja anayempigia mashuti. Glavu yake ya kulia imepasuka kiganjani, ameishona kwa kamba ya kiatu. Nikazunguka nikasimama nyuma ya goli lake. Ni mazoea ya zamani. Shuleni na mimi nilikaa golini miaka minne.

Walipoanza kucheza wenyewe kwa wenyewe, mpira ukaenda upande wa pili, tukapata nafasi ya kuzungumza. Ana miaka 16. Akaniambia bila kugeuza kichwa, macho yake yakiwa uwanjani: “Mzee, yule namba tano mguu wa kushoto unamsumbua. Akiruka anatua na wa kulia tu. Yule winga ameshamjua, ndiyo maana kila akipata mpira anamwendea upande huohuo.” Nikatazama. Sikuona kitu. Nikatazama tena, mara ya pili, ya tatu, ndipo nikaona: kweli, beki anatua kwa mguu mmoja kama kuku anayekanyaga majivu ya moto. Nikamuuliza, “Umemwambia mwalimu?”

Akajibu, “Hajaniuliza.”

Haikupita robo saa, namba tano alikuwa amekaa chini ameshika goti.

Neno hilo la “hajaniuliza” ndilo lililonileta leo. Na ili nilieleze vizuri, naanza na mchezo ambao wengi wetu hatuujui: besiboli. Ule mchezo wa Wamarekani na Wajapani, wa rungu na mpira mdogo mgumu. Timu inayolinda ina watu tisa uwanjani. Mmoja ni mrushaji. Anasimama kwenye kichuguu cha udongo katikati na kuurusha mpira. Mpigaji wa timu nyingine anausubiri na rungu lake, umbali wa kama meta 18. Mpira ukiwa na kasi ya kilometa 150 kwa saa, unamfikia chini ya nusu sekunde. Na nyuma ya mpigaji, amechuchumaa mavumbini, amevaa barakoa ya vyuma usoni, ngao kifuani na magamba miguuni, yupo mtu wa kuupokea mpira ule mpigaji akiukosa. Huyo ndiye mdakaji.

Tazameni alivyokaa. Wenzake wote wanane wanatazama kwake, na yeye peke yake anawatazama wote wanane. Yeye ndiye anayeona nani amesogea hatua mbili mbele ya nafasi yake, nani amechoka, nani bado anawaza kosa alilofanya dakika tano zilizopita. Kwa vidole, akivificha kati ya mapaja yake, anamwashiria mrushaji: huu uwe wa kasi, huu upinde, huu mrushie ndani karibu na kifua chake. Mrushaji anapigiwa makofi. Aliyemwambia arushe nini ni yule aliyechuchumaa. Anainama na kuinuka zaidi ya mara mia katika mechi moja, siku baada ya siku, mpaka magoti yanakwisha.

Magoti yakishakwisha, wenye timu wa Marekani wana desturi ya miaka mingi ya kumtafuta mtu huyo na kumkabidhi timu nzima. Connie Mack alikuwa mdakaji karne ya 19. Akaja kuiongoza Philadelphia Athletics kuanzia 1901 hadi 1950, miaka 50 kamili, akavaa suti na tai hadi uzeeni pale kwenye benchi. Hakuna meneja mwingine wa ligi kuu yao aliyeshinda mechi nyingi kama yeye. Joe Torre, aliyeipa New York Yankees ubingwa mara nne kati ya 1996 na 2000, alianza kama mdakaji. Na yupo Bruce Bochy, ambaye namtaja kwa kusudi maalumu, kwa sababu kama mchezaji hakuwa nyota. Kati ya 1978 na 1987 alikuwa zaidi mdakaji wa akiba, mtu wa kukaa benchi na kungoja mwenzake aumie. Huyohuyo ameshinda ubingwa wa Marekani mara nne akiwa meneja: 2010, 2012 na 2014 na San Francisco Giants, kisha 2023 na Texas Rangers. Aliyekaa benchi miaka mingi alijua wa benchi anajisikiaje. Alijua pia mrushaji wake amebakiwa na mipira mingapi mkononi kabla mkono haujalegea, kwa sababu ujana wake wote aliumaliza akiipokea mipira hiyo.

Lakini anayenigusa mimi kuliko hao wote ni Mjapani mmoja, Katsuya Nomura. Alizaliwa 1935 katika mkoa wa Kyoto. Baba yake akafia vitani yeye akiwa mdogo, mama akawalea katika shida. Mwaka 1954 akaingia timu ya Nankai Hawks kwa kufanya majaribio tu, hakuna aliyemwalika. Na kazi aliyopewa mwanzoni ilikuwa ile ambayo Wajapani wanaiita ukuta: mdakaji wa kupokea mipira ya warushaji wakati wa kupasha misuli moto, mtu ambaye hata siku ya mechi hayumo kwenye hesabu. Ukuta. Mtu anapigwa mipira kutwa nzima, jina lake ni ukuta.

Ukuta huo ulikuwa na macho. Nomura alianza kuwasoma warushaji: huyu akitaka kurusha wa kupinda, glavu yake inafunguka kidogo, yule anavuta pumzi kwanza. Akawa mpigaji wa kutisha, akamaliza na mipira 657 ya kutoka nje ya uwanja, wa pili katika historia ya ligi ya Japani. Akiwa golini, niseme hivyo, maana kwangu pale ni golini tu, alikuwa akiwanong’oneza wapigaji wa timu pinzani maneno ya kuwavuruga mawazo. Kisha akawa meneja. Mwaka 1990 alipewa Yakult Swallows, timu iliyokuwa imekaa miaka mingi bila kombe, akaifanya bingwa wa Japani 1993, 1995 na 1997. Alikuwa na sifa moja ambayo naipenda mno. Wachezaji waliotupwa na timu nyingine, walioambiwa wamekwisha, yeye aliwachukua na kuwatafutia kazi mpya ya kufanya, wakachanua. Wajapani wenyewe wakampa jina la kiwanda cha kufufulia watu. Na mdakaji aliyemlea pale Yakult, Atsuya Furuta, naye akaja kuwa meneja wa timu hiyohiyo. Nomura alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 84.

Msidhani besiboli ni ya huko tu. Dar es Salaam, Shule ya Sekondari Azania, vijana wetu wanaucheza mchezo huu. Aliyeuleta ni Mjapani wa shirika la JICA, Shinya Tomonari, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuifundisha timu ya taifa ya Ghana. Kuna mashindano ya shule yanayoitwa Koshien ya Tanzania, jina walilolitoa kwenye mashindano makubwa ya shule za sekondari za Japani. Sisi wa huku chini ya mlima tunawafahamu watu wa JICA kwa mpunga wa Chekereni na mifereji ya Lower Moshi. Wenzetu wa Dar es Salaam wamewafahamu kwa glavu na rungu. Na huko Uganda, wilaya ya Wakiso, yupo kijana aitwaye Dennis Kasumba, yatima aliyelelewa na bibi yake. Dunia nzima ilimwona kwenye simu akijifunza udakaji kwa matairi ya gari na vyuma vya kuokoteza, akichuchumaa, akiinuka, akichuchumaa. Mwaka 2023 alifika Marekani kuchezea Frederick Keys, jimbo la Maryland, katika ligi ya vijana wanaotafuta kuonekana. Katika nafasi zote tisa, yeye alichagua ile ya mavumbini.

Sasa turudi nyumbani, kwenye mpira wetu wa miguu. Kiswahili chetu kimeshatupa jibu zamani, maana golikipa tunamwita pia mdaka mlango. Ni ndugu wa yule mdakaji. Wachezaji kumi wanatazama mbele, yeye anawatazama migongo. Anajua beki wa kulia akipanda anachelewa kurudi. Anapanga ukuta wa faulo na kuusogeza nusu hatua. Anapiga kelele dakika 90: “Toka! Mtu nyuma! Kushoto kwako!” Na pale anapoikosa krosi moja, uwanja mzima unamjua jina.

Niwaulize wapenzi wa soka. Wakati ule Yanga inachukua ubingwa wa Ligi Kuu msimu wa 2014/15, ikarudia 2015/16, na mwaka huohuo wa 2016 ikabeba na Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani kisha ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika pamoja na TP Mazembe, nani alikuwa kocha mkuu? Mtanijibu mara moja: Hans van der Pluijm, Babu wa Kiholanzi. Sawa. Na Pluijm alipokuwa mchezaji, alicheza nafasi gani?

Alikuwa golikipa. Kipa wa FC Den Bosch, kwao Uholanzi, miaka mingi. Akaanza ukocha kwao, akaja Ghana, akapita Ethiopia, hadi Dar es Salaam. Baadaye akaipeleka Singida United fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018, pale Sheikh Amri Abeid Arusha, akafundisha na Azam. Mdaka mlango aliyepewa timu nzima.

Na kwenye benchi lilelile la Yanga, hatua chache kutoka kwake, alikaa nani? Juma Pondamali, “Mensah”. Mmoja wa makipa wakubwa waliowahi kuzaliwa katika nchi hii, mtu aliyekuwa katika kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Nigeria mwaka 1980 kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika, fainali ambazo tulizisubiri tena miaka 39. Pondamali alikuwa pale akiwa kocha wa makipa.

Wasikilizaji wangu, sisemi Pondamali alistahili kukaa kiti cha Pluijm, wala simpunguzii Mholanzi yule chochote. Alifanya kazi njema na watu wa Yanga wanamkumbuka. Ninachosema ni kwamba makipa wawili walikaa benchi moja. Mmoja kwao walimwona kipa, wakaona kocha ndani yake. Mwingine kwetu tulimwona kipa, tukaona kocha wa makipa. Na hayuko peke yake. Idd Pazi wa Simba, kocha wa makipa. Peter Manyika wa Yanga, kocha wa makipa. Ni chumba kidogo tulichokijenga pembeni ya nyumba, na kila kipa akistaafu tunamwelekeza huko. Anachukua vijana watatu, koni nne na mfuko wa mipira, anakwenda nao pembeni ya uwanja. Mipango ya timu inafanyika kule katikati, yeye hayupo.

Juma Kaseja ndiye mfano wangu wa karibu. Mwaka 2003 Simba iliwavua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti kulekule Cairo, na Kaseja alikuwa golini. Miaka 16 baadaye, Septemba 2019, alisimama tena golini dhidi ya Burundi pale Dar es Salaam, penalti tena, na Taifa Stars ikapita. Fikirini mtu huyo ameona nini katika miaka hiyo yote. Ameona makocha wangapi wakija na kuondoka, mabeki wangapi wakiinukia na kuzeeka mbele yake. Mwaka 2022 akaingia benchi la Taifa Stars, kocha wa makipa. Timu nzima ya Ligi Kuu alikuja kupewa 2025, Kagera Sugar, wakati mtumbwi umeshaingiza maji. Timu ikashuka daraja. Naomba mtu yeyote asije akasema, mnaona, kipa hawezi. Aliyekabidhiwa kasia jahazi likizama hajapimwa bado unahodha wake.

Kwa nini tuko hivi? Nimelifikiria sana jambo hili, na nadhani mzizi wake uko kwenye kutomwamini kipa. Sisi ni watu wa kumshuku mdaka mlango. Timu ikifungwa magoli matatu, neno la kwanza kijiweni ni kwamba ameuza mechi. Mshambuliaji akikosa goli tupu, tunasema bahati haikuwa yake. Kipa akitema mpira mmoja uliodunda vibaya, tunauliza amelipwa shilingi ngapi. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo nikiwa na miaka 17, shuleni, na watu niliokula nao meza moja. Uwanja wetu ulikuwa mteremkoni, kama viwanja vingi vya huko juu: kuna goli la juu na goli la chini, na mpira ukizidi unashuka kwenye migomba hadi uuokote kwenye mfongo wa maji. Nililinda goli la chini kipindi cha pili, mvua imenyesha, tukafungwa mbili kwa moja. Sijasahau ile njia ya kurudi bwenini. Mtu uliyemshuku hivyo miaka kumi na tano, utampaje timu akistaafu?

Halafu kuna hizi kozi. Leseni za CAF zinapanda kutoka D hadi A na kuendelea, na kocha mkuu wa timu kubwa anatakiwa awe ameupanda mlima huo. Kipa anapomaliza kucheza, watu wa karibu humshauri achukue kozi ya makipa, kwa sababu ndipo kazi ilipo. Anaichukua. Anapata kazi. Miaka kumi inapita, wenzake aliocheza nao wamefika leseni A, yeye ni bingwa wa kufundisha namna ya kuanguka na kuinuka.

Najua mtakachonijibu. Yupo atakayesema golikipa hajui kukaba wala kupiga chenga, atamfundisha nini kiungo? Ni hoja ya haki. Na hata huko Marekani wadakaji hawakufaulu wote: Yogi Berra, mdakaji mashuhuri kuliko karibu wote, aliifikisha Yankees fainali ya 1964, wakafungwa mechi ya saba, akafukuzwa kazi papo hapo. Lakini Dino Zoff alikuwa kipa, na aliipeleka Italia fainali ya Ulaya mwaka 2000. Raymond Goethals alikuwa kipa, na aliipa Marseille ubingwa wa Ulaya 1993. Kukaba kunafundishwa na msaidizi. Kuwaona watu kumi na mmoja kwa pamoja ni kipaji cha mtu aliyekaa mahali fulani kwa muda mrefu, na mahali penyewe tunapajua.

Wenzangu wa Marangu na Machame mlioko mlimani mtanielewa haraka kuliko watu wa mpira, kwa sababu kazi yenu imejengwa juu ya jambo hili.

Miaka mingi iliyopita nilipanda Kibo kwa njia ya Marangu. Tulitoka Kibo Hut usiku wa manane, kama ilivyo desturi, mstari mmoja, taa za kichwani zikiangaza visigino vya aliye mbele. Gaidi mkuu, ndivyo tunavyomwita huku kiongozi wa msafara, yuko mbele anaweka mwendo, pole pole. Nyuma kabisa yuko msaidizi wake, kijana aliyeanza kazi akiwa mgumu, akibebea watu mizigo ya kilo 20 kichwani, akapanda ngazi moja moja. Usiku ule hakusema kitu. Tulipolipita pango la Hans Meyer, zaidi ya meta 5,100, mimi nilijiona niko imara. Nilikuwa wa tatu kwenye mstari na nilikuwa nahesabu hatua zangu kwa furaha.

Nikahisi mkono begani. Ni yeye, amepita watu wanne kuja kwangu. Akanivua begi taratibu kama anamvua mtoto sweta, akauliza, “Baba, wanao wanaitwa nani?” Ninao watatu. Nilitaja wawili, nikasimama. Jina la wa tatu nilikuwa nalijua, lilikuwa pale mdomoni, halikutoka. Akaniomba nitembee hatua sita kisigino kikigusa vidole. Ya tatu ikaenda pembeni. Akamwita gaidi mkuu, wakazungumza Kichaga maneno machache, nikageuzwa kurudi chini. Nilikasirika sana. Nilimwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia. Tulipofika Horombo, meta 3,720, kichwa kikaanza kufunguka, ndipo nikaelewa kwamba ubongo wangu ulikuwa umeanza kuvimba kwa kukosa hewa na mimi sikuwa na habari.

Nilimuuliza pale Horombo, aliyekuwa mbele hakuona, wewe uliona nini? Akasema kwa nyuma alikuwa anazitazama nyayo. Za wengine zinaingia ndani ya za aliyetangulia. Zangu tangu pangoni zilikuwa zinatoka nje ya mstari, za mguu wa kushoto.

Nilikutana naye Marangu Mtoni mwaka juzi. Sasa yeye ndiye gaidi mkuu, ana watu wake, wapishi, wagumu, wasaidizi wawili. Nikamuuliza kama hatimaye anatembea mbele. Akacheka, akasema mbele anamweka kijana mwenye mwendo mzuri, na yeye bado anatembea wa mwisho.

Jumamosi hii nilirudi Pasua. Vijana walikuwa na mechi ya kirafiki na wenzao wa Njoro. Nilikuwa nimezungumza na mwalimu wao Alhamisi, mtu mwema, anafundisha bure baada ya kazi zake, na nikamwomba jambo moja tu: wakati wa mapumziko, kabla hajasema lolote, amuulize kipa ameona nini. Alinitazama kidogo, akakubali.

Wamekaa chini ya mti, chupa za maji zinapita mkono kwa mkono, wamefungwa moja bila. Mwalimu akasema, “Haya, wewe kipa, umeonaje kule?” Kijana akashtuka. Wenzake wakageuka wote kumtazama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuwaona nyuso badala ya migongo. Akazibana glavu kwapani, ile iliyoshonwa kwa kamba ya kiatu ikiwa juu, akaanza kwa sauti ya chini. Akasema viungo wawili wanapanda kwa wakati mmoja, katikati panabaki shimo, na goli limeingilia hapohapo. Akasema namba kumi wa Njoro hapendi mpira wa mguu wa kulia, asukumwe huko. Kisha akamgeukia namba tano, ambaye siku hiyo alikuwa amefungwa bandeji gotini, amekaa nje, akamwambia, “Na wewe kaka, usirudi kucheza wiki ijayo, bado unachechemea, nakuona.”

Mmoja wa viungo akataka kubisha. Mwalimu akamwekea mkono begani, akasema, “Mwache amalize.”

Filimbi ya kipindi cha pili ilipolia, kijana alikuwa bado anazungumza. Walitembea naye hadi karibu na goli, viungo wote wawili, mmoja kila upande, akiwaonyesha kwa mkono lile shimo lilivyokuwa, kisha akavaa glavu zake na wao wakakimbia kurudi katikati.